Jamii ya Serikali Yafika Mchakwe

Tuseme kulikuwa na nchi. Mwenye haraka ya kuuliza ni nchi gani amuulize jirani yake, na jirani akimjibu, shauri yao wawili, mimi simo. Nchi yenyewe ilikuwa na milima, mito, bendera na sheria nzuri nzuri. Mojawapo ya sheria hizo ilisema serikali isijenge kitu chochote, hata choo cha stendi, kabla ya kuishirikisha jamii. Wageni kutoka ng'ambo waliisifu sana sheria hiyo kila walipokuja kuitazama.

Shida ilianza siku walipoijaribu. Waliishirikisha jamii katika kujenga soko, na jamii, kwa kukosa uzoefu, ikasema. Mmoja alisema soko lijengwe mahali watu wanapopita. Mwingine alisema liwe na paa. Bibi mmoja akasimama na kuuliza soko la kwanza lilikwenda wapi, na mkurugenzi aliyekuwa akiongoza mkutano akapandwa na presha palepale, akapelekwa kutibiwa nje, na mpaka leo ukitaja nyanya mbele yake hushika kifua. Serikali ikakaa, ikatafakari, ikagundua kwamba sheria haina kasoro. Kasoro iko kwa jamii. Jamii ilikuwa kubwa mno, haikuwa na mafunzo, na kila ulikokwenda uliikuta nyingine.

Basi likaundwa Shirika la Jamii ya Taifa. Shirika liliajiri watu wachache wenye adabu, likawapa sare na basi dogo jeupe, wakawa wanazunguka nchi nzima wakishirikishwa. Kulikuwa na Mzee wa Taifa, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa kukubali na, inapobidi, kufuta machozi ya furaha. Kulikuwa na Kijana wa Taifa, Bwana Hamduni Ngoswe, mwenye wajukuu wake kadhaa, ambaye angestaafu ujana zamani kama angepatikana wa kumrithi. Na kulikuwa na Mama wa Taifa. Huyu ndiye Sikudhani binti Mtulia, na habari hii ni yake.

Sikudhani alikuwa fundi wa kazi yake. Akishuka kwenye basi hujifunga kitenge cha Shirika, akashika kipaza sauti, akasema, "Sisi wananchi wa hapa tunaishukuru serikali," kwa sauti ambayo ungedhani kazaliwa nyuma ya hema la mkutano. Siku moja alitaja jina la wilaya nyingine kabisa na halikuharibika neno. Wenye wilaya yao walikuwa nyuma ya kamba. Shirika liliwaita wakazi, ili wasije wakachanganywa na jamii, na liliwaruhusu kutazama jamii ikishirikishwa, hata kupiga makofi, ilimradi wasivuke kamba.

Kanuni kubwa ya Shirika ilikuwa moja: mtu asiende kuwa jamii mahali alipo na ndugu. Siku ya usaili mkurugenzi wa Shirika, Dakta Fidelis Lwambano, alimuuliza anatoka wapi.

"Mbali," akasema Sikudhani.

"Mbali wapi?"

"Mbali kabisa."

Dakta akafurahi, akampa kazi. Kusema kweli Sikudhani alitoka Mchakwe, hapo nyuma ya mji mkuu tu, lakini alikuwa na mama mgonjwa na nyumba ya makuti inayovuja, na mtu mwenye mama mgonjwa anaweza kutoka popote. Mshahara wa kwanza kwanza uliezeka bati. Mama yake, Bi. Mwanakombo, akawatangazia majirani kwamba mwanawe Siku yuko serikalini, anasema na wakubwa. Anasema nini, hakumuuliza. Mtu akikuezekea nyumba humchoshi kwa maswali.

*

Mwaka huo Mheshimiwa Waziri alirudi kutoka safari. Huko alikokwenda aliona watu walioshiba wanatembea, hawana mzigo kichwani, hawafukuzwi na mtu, wala hawana wanakokwenda. Wengine walipanda baiskeli ambazo hazikufungwa hata mkungu mmoja wa ndizi. Mheshimiwa aliguswa sana. Akiwa bado uwanja wa ndege alitangaza kwamba taifa sasa litatembea, na kwamba utajengwa Mtandao wa Taifa wa Njia za Miguu na Baiskeli, kwa kuishirikisha jamii kikamilifu.

"Ndugu jamii," Dakta Lwambano aliwaambia ndani ya basi, "tunaanza na Bonde la Mchakwe."

Sikudhani aliacha kusikiliza. Alitazama dirishani kwa muda mrefu, akiomba Mungu kuwe na Mchakwe nyingine.

Haikuwapo nyingine. Ilikuwa hiyohiyo, yenye nyumba upande huu wa bonde na zahanati upande wa pili, na katikati njia ya miguu iliyoteremka kwenye mashamba ya mchicha, ikavuka kijito juu ya gogo, ikapanda tena. Hakuna aliyejua nani aliianza. Serikali ya kwanza iliikuta, ya pili ikaipita, na hii ya sasa ilikuwa haijaisikia. Bi. Mwanakombo aliipita kila baada ya siku mbili, na fimbo yake, kwenda kusafishwa kidonda cha mguu. Alikuwa na sukari, na muuguzi alimwambia wazi: "Bibi, ukiacha kuja, mguu huu tunaukata." Njia nyingine ilikuwa kuzunguka na barabara kuu, wanakopita madereva wa malori ya kokoto ambao hawajawahi kumpisha mtu. Barabara ile haikuwa na pembeni pa kupita mtu. Mwaka uliopita ilimchukua mwalimu na mbuzi wake wote wawili.

Jamii ilipandishwa kilimani ikaonyeshwe mradi. Alikuwepo Profesa Mshindo Kapalata, mtaalamu wa kutembea, mwenye shahada za juu za kutembea kutoka vyuo mbalimbali. Alifikishwa kileleni kwa gari na akateremshiwa kiti.

"Kwa mujibu wa ramani," alisema Profesa, akiikunjua magotini, "bonde hili halina njia hata moja. Pasipo na njia hapana watembeaji. Kwa hiyo tunawaletea wananchi jambo ambalo hawajapata kuliona."

Chini yao, bondeni, akinamama walikuwa wakipita kwa mstari na vikapu kichwani, na nyuma yao mwanamume anasukuma baiskeli yenye magunia.

"Profesa," akauliza Hamduni, maana alikuwa mdadisi kama vijana walivyo, "na wale je?"

Profesa akavaa miwani, akatazama kwa haki. "Wale hawatembei. Wale wanakwenda sokoni."

"Na yule mwenye baiskeli?"

"Yule anasafirisha mkaa. Hiyo ni wizara nyingine."

Kisha akaeleza. Njia mpya itaanzia kwenye maegesho ya magari, karibu na hoteli inayojengwa, itazunguka bonde zima kwa mapindo ya kuvutia, na itaishia kwenye maegesho yaleyale, ili mtembeaji asipate tabu ya kutafuta gari lake. Bonde lote litazungushiwa seng'enge. Gogo litaondolewa, kwa sababu linaharibu mandhari, na mahali pake litajengwa jukwaa la kutazamia mandhari.

"Seng'enge ya nini?" Sikudhani akauliza. Ilimtoka tu.

"Ili watembeaji wasisumbuliwe na wapita njia," Profesa akamjibu kwa upole.

Waliposhuka, Sikudhani alimvizia Dakta Lwambano penye mlango wa basi. "Mkurugenzi, samahani. Hao wanaokwenda zahanati watapita wapi?"

"Mama wa Taifa, swali lako ni lile la viti. 'Je, njia itakuwa na viti vya kupumzikia?' Nami nitajibu ndiyo."

"Nalijua. Hili nauliza tu."

"Usiulize tu," Dakta akasema, akamshika bega kama baba. "Mtu akizoea kuuliza tu, siku moja atauliza kweli."

*

Mchana wa siku iliyotangulia mkutano Sikudhani aliomba ruhusa ya kwenda kusuka nywele, akaenda kwa mama yake. Alimkuta kibarazani anachambua mchicha, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Karibu mwanangu. Umekonda. Huko serikalini hamli?"

"Tunakula mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Tena umekuja siku yake hasa, maana nina neno." Bi. Mwanakombo akasogeza ungo pembeni. "Wanasema kesho inakuja jamii. Sasa mimi nikamuuliza mjumbe, jamii gani, si jamii ndiyo sisi? Akasema hapana, inakuja na basi. Wewe uliyeko huko huko, unawajua watu hao?"

Sikudhani akainama, akachukua shada la mchicha, akaanza kuchambua. "Nawaona ona."

"Ni watu wa namna gani?"

"Watu tu, mama. Wanafanya kazi."

"Kazi!" Bi. Mwanakombo akacheka kicheko cha kukereka. "Mtu atoke huko alikotoka, hajui hata choo changu kiko upande gani, aje asimame hapa aseme 'sisi wananchi.' Wallahi ningemtia mkononi mmoja, mmoja tu! Wanaifunga njia, Siku. Wameshapiga vigingi vyekundu mpaka kwenye gogo. Mimi barabara kuu siiwezi. Nikishindwa kufika kule mguu unakatwa, na mimi nikikatwa mguu sitaishi, najijua. Waambie wenzako hao. Wewe unasema na wakubwa, waambie."

"Nitawaambia."

"Utawaambia kweli?"

"Kweli mama."

Majani ya mchicha yakawa yanamdondoka. Alikuwa anaona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio, na juu ya aibu alikuwa na hofu, kwa sababu alijua kesho atasimama wapi na mama yake atasimama wapi. Bati lile la kibarazani lilikuwa limelipiwa kwa maneno "sisi wananchi wa hapa." Alitamani kusema yote palepale. Badala yake akaomba maji ya kunywa.

*

Hema lilisimamishwa karibu na mashamba. Jamii ikakaa mbele kwenye viti vya kitambaa cheupe. Wakazi wakapangwa nyuma ya kamba, juani, na Bi. Mwanakombo, kwa kuwa alikuwa na fimbo na ulimi, akapewa nafasi ya mbele kabisa.

Dakta Lwambano alifungua mkutano. "Ndugu jamii, na ninyi wakazi mliokuja kutuunga mkono! Zamani serikali zilikuwa zinamwamulia mwananchi. Serikali yetu imekataa. Haitamwamulia mwananchi kamwe. Ndiyo maana popote iendapo, inakwenda na mwananchi wake!"

Makofi. Akapewa nafasi Kijana wa Taifa. Hamduni akajishika kiuno, akanyanyuka kwa awamu, akasema sisi vijana tuna kiu ya kuendesha baiskeli na tunaiomba serikali isichelewe, maana ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kisha akasaidiwa kukaa. Dakta akasema sasa tumsikie mama, kwa kuwa mama ndiye nguzo, na Sikudhani akasimama na kitenge chake.

"Haa!" sauti ikatoka nyuma ya kamba. "Jamani si Siku yule? Siku mwanangu! Nyamazeni, nyamazeni, mwanangu anasema na wakubwa!"

Sikudhani hakugeuka. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Sisi wananchi wa hapa," akaanza, na akakwama. Maneno hayo alikuwa ameyasema nchi nzima, kwenye mvua na kwenye jua, bila kuteleza. Leo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, yalikuwa ya kweli. Dakta akamnong'oneza: "Viti. Viti vya kupumzikia."

"Sisi wananchi wa hapa hatutaki," akasema Sikudhani.

Dakta akaacha kunong'ona.

"Njia tunayo," akaendelea. "Ile pale, mnaiona. Mkitaka kutusaidia, gogo limeoza, tuwekeeni daraja. Lakini mkiifunga, wagonjwa watapita barabara ya malori. Kuna mtu ana kidonda cha mguu, akikosa kufika zahanati mguu unakatwa. Hawezi kuzunguka. Msiifunge. Nawaombeni, msiifunge."

Mzee wa Taifa, kwa mazoea, akatikisa kichwa na kufuta machozi. Nyuma ya kamba vigelegele vikapasuka, watu wakarusha kofia, na mwenye baiskeli ya mkaa akagonga kengele mpaka mkono ukamchoka.

Hili lilikuwa jambo zito, msilione hivi. Sheria ilikuwa sheria. Jamii imeshirikishwa na jamii imekataa, mbele ya mashahidi na mbele ya mgeni mmoja kutoka ng'ambo aliyekuja kuisifu sheria. Profesa Kapalata akaanza kukunja ramani. Dakta Lwambano alikuwa amepauka, anapekua karatasi zake atafute mahali palipoandikwa la kufanya jamii ikikataa, na hapakuandikwa, kwa sababu haikupata kutokea. Kwa kitambo kifupi mradi ulikuwa umekufa kabisa, na njia ya Mchakwe imepona.

"Mama wa Taifa," Dakta akasema mwishowe, ili tu asikae kimya, "wewe umetoka mbali kabisa. Habari za vidonda vya watu wa hapa umezijuaje?"

Sikudhani akashusha kipaza sauti. Na kama wote wangenyamaza, huenda yangeisha hivyo. Lakini mama gani atamwona mwanawe amebanwa na swali mbele za watu, jibu analo yeye, akae nalo?

"Atakosaje kuzijua?" Bi. Mwanakombo akapaza sauti. "Kidonda chenyewe hiki hapa! Na huyo ni mwanangu wa kumzaa. Mbali gani? Kitovu chake kimezikwa palee, penye mgomba nyuma ya nyumba. Mama mkwe ndiye aliyekizika, na mimi nimesimama mlangoni namtazama. Ajitokeze mtu hapa aseme huyu si wa Mchakwe!"

Katika nchi ile, na huenda hata kwenu, hoja hiyo haina mpinzani. Kilipozikwa kitovu chako ndipo kwenu, hata uende ng'ambo ukarudi na lugha nyingine, na mwenye kubisha huonekana hakulelewa. Majirani wakaitikia kwa pamoja, "Kweli! Tunashuhudia!" Mmoja akaonyesha mgomba wenyewe. Mwingine akakumbusha kwamba mvua ilikuwa inanyesha siku ile. Bi. Mwanakombo alisimama wima na fimbo yake, uso unang'aa, maana alijua amemaliza kesi.

Na kweli aliimaliza. Rangi ilimrudi Dakta Lwambano usoni.

"Bibi," akauliza kwa heshima kubwa, "una hakika ni hapahapa?"

"Nikuonyeshe?"

"Hapana bibi, tunakuamini. Sote tunakuamini." Akageukia kipaza sauti. "Ndugu jamii, mmesikia. Ushahidi umetolewa na umeungwa mkono. Aliyesema hivi punde ni mkazi. Ni mzaliwa. Mama yake anaitumia njia inayojadiliwa. Sasa nawaulizeni, kwa haki kabisa: mtu wa namna hiyo anaweza kutoa maoni yasiyo na upendeleo? Katika mahakama zetu mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Vivyo hivyo, katika nchi inayofuata utawala bora, mtu hawezi kuwa jamii mahali kwao."

Mgeni kutoka ng'ambo alitafsiriwa maneno hayo, akatikisa kichwa kukubali, akasema kwao pia wanachukia sana upendeleo.

"Maneno yake yanafutwa," Dakta akasema. "Jamii iliyobaki, mnasemaje?"

Hamduni akamtazama Sikudhani. Alikuwa na wajukuu wanaosoma kwa kazi ile ile. "Sisi vijana tunaafiki," akasema, akitazama viatu vyake. Mzee akatikisa kichwa. Mradi ukapita kwa kauli moja.

Sikudhani akatakiwa arudishe kitenge, kwa kuwa ni mali ya umma, na akirudishe hapohapo, kwa kuwa umma ulikuwapo. Alisimama na gauni la ndani mbele ya watu waliomjua tangu anatambaa. Mwanamke mmoja akavua kanga yake ya begani, akairusha juu ya kamba. Sikudhani akajifunga, akainama, akapita chini ya kamba, akaenda kusimama kando ya mama yake.

Bi. Mwanakombo alikuwa amekwisha kuelewa. Si mjinga.

"Kumbe jamii ndiyo wewe," akasema.

"Ndiyo mama."

"Na lile bati?"

"Limetokana na hilo hilo."

Sikudhani alingoja atukanwe, alitaka hata atukanwe, ingekuwa nafuu. "Nimekuponza mwanangu," Bi. Mwanakombo akasema hatimaye, na machozi yakamtoka. "Mdomo huu. Ulikuwa umekwisha kushinda, mimi nikakuponza."

"Hukuniponza, mama. Umesema kweli tupu."

"Ndiyo maana," mama akasema.

*

Seng'enge ilipigwa upesi ajabu kwa serikali ambayo zahanati yake ilikuwa inasubiri mlango tangu uchaguzi wa kabla ya uliopita. Gogo likakatwa kwa msumeno. Wakazi walikwenda kulalamika wilayani, wakaambiwa malalamiko hupokelewa kutoka kwa jamii tu, wangoje ikipita. Baadhi yao walijaribu kupenya chini ya waya, wakakamatwa kwa kosa la kutembea pasipo njia.

Wiki za mwanzo Sikudhani alimpeleka mama yake na bodaboda. Halafu akiba ikaisha, kwa sababu aliyewahi kuwa Mama wa Taifa haajiriki mahali pengine. Ujuzi wake ni wa kukubali, na wa kukubali bure walikuwa wengi. Bi. Mwanakombo akakosa kliniki mara moja, akakosa tena. Kidonda kikaanza kunuka. Mguu ukawa haukanyagiki.

Asubuhi moja Sikudhani hakuuliza tena. Alichuchumaa mbele ya kitanda, akamwambia mama yake apande, akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, akatoka naye kuelekea barabara kuu.

"Utaniangusha."

"Sikuangushi."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakubeba wewe."

"Basi tulia kama nilivyokuwa nikitulia."

"Wewe? Wewe ulikuwa unapiga mateke."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu barabara ilikuwa imewafikia. Malori yalipita karibu hata upepo wake unamyumbisha Sikudhani. Alitembea ukingoni kabisa mwa lami, anahesabu pumzi, anasikia joto la ule mguu kwenye mbavu zake. Alikuwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumpa. Walikuwa wameanza kuiona rangi ya ukuta wa zahanati kwa mbali king'ora kilipolia nyuma yao.

Askari wa pikipiki akafunga breki kando yao. "Nyie! Tokeni barabarani! Hamsikii? Msafara wa waenda kwa miguu unapita!"

"Tutapita wapi, afande?" Sikudhani akauliza. "Nina mgonjwa."

"Ingieni mtaroni. Leo ni ufunguzi. Mheshimiwa anakwenda kutembea."

Sikudhani akateremka mtaroni taratibu, matope yakamfika magotini. Juu yao magari yakaanza kupita, meusi na yenye vioo vyeusi, mengine yamebeba baiskeli mpya juu ya paa, bado zina nailoni. Likapita la Profesa Kapalata, amelala. Nyuma kabisa likaja basi dogo jeupe. Dirishani alikaa Hamduni na viatu vipya vya mbio, na pembeni yake mwanamke mgeni kabisa aliyejifunga kitenge cha Shirika, midomo inamcheza, anakariri. Hamduni akawaona. Akainua mkono nusu, akaushusha, akavuta pazia.

Bi. Mwanakombo akanyoosha shingo juu ya bega la mwanawe. Macho yake nayo sukari ilikuwa imeanza kuyala.

"Kina nani hao, Siku?"

"Wananchi wa hapa, mama."

Bi. Mwanakombo akawaza kidogo. Vumbi lilikuwa linawashukia kichwani.

"Na sisi?"

Sikudhani alimpandisha mama yake vizuri mgongoni, akakaza fundo la kanga, akashika majani ya ukingoni akajivuta mpaka akarudi juu kwenye lami, na nyuma yao lori la kokoto likapiga honi.